Gari Lililoondoka Bila Sauti

Habiba alizikwa kabla sijafika Garissa. Sikununa, kule maiti hasubirishwi, na mimi kwa umri wangu siwezi kukimbizana na mtu aliyekwisha kuitwa. Mjukuu wangu Athumani alinipokea Mokowe, nilipovuka kutoka Lamu, na gari lake, tukasafiri kutwa nzima, tukaingia mjini jua limeshapinda. Nilikaribishwa chumbani mwa marehemu: mkeka mpya, kitanda kimesimamishwa ukutani, chai ya maziwa ya ngamia yenye hiliki nyingi kuliko majani. Mwanawe wa kwanza, Salim, ambaye sasa ana mvi kunishinda, aliniinamia akanibusu mkono. Dada yake Fatuma aliniita habaryar, yaani mama mdogo, akanitilia mto mgongoni kama vile mgongo huu ni wake. Wanawake walikuwa wakizungumza chini chini, mara wakilia, mara wakicheka kisa fulani cha marehemu. Huko nje gari likawashwa, likaondoka. Nikajikuta nimeshika kikombe hewani, nimebana pumzi, nikilisikiliza mpaka lilipotokomea. Miaka yote hii, na bado sikio langu ni la mwaka ule.

Ya ukoo wangu na jinsi nilivyoolewa nayaacha; yana wenyewe wanaopenda kuyasimulia, tena kwa chumvi. Itoshe kwamba nilikuwa mke wa fundi wa magari, naye pia jina lake Salim, kwamba tulipanga vyumba viwili nyuma ya gereji yake, na kwamba ukuta wa chumba chetu cha kulala uligusana na barabara ya kushukia darajani. Hapakuwa na gari lililoweza kuondoka mjini kwenda Nairobi bila kupita ubavuni mwangu. Ilikuwa wakati wa vita vya shifta. Serikali ilikuwa mpya, na porini walikuwapo waliotaka nchi ile yote iende Somalia, na sisi wa mjini tulikuwa katikati kama nyama ya sambusa. Jua likizama, kila mtu ndani; amri. Magari yalisafiri kwa msafara, askari mbele na nyuma. Mimi niliyetoka Lamu, ambako hata vifo vina kelele, niliuona ule ukimya kama mtu wa tatu ndani ya nyumba. Ulikaa nasi kula. Nikivunja mkate wa mofa, nausikia mkate.

Jambo la kwanza lililonitia hofu ya kweli halikuwa bunduki. Lilikuwa ngamia. Asubuhi moja nilifungua dirisha nikakuta kundi zima linapita kwenda kunywa mtoni, ngamia kwa ngamia, na hakuna mlio. Nilizoea zile kengele zao za mbao, kila kundi na mlio wake. Wenyewe walikuwa wakiujua wa kwao toka mbali. Siku ile kengele zilikuwapo shingoni, zinayumba, na hazisemi. Niliwatazama mpaka mkia wa mwisho, nikasema moyoni labda mimi ndiye niliyekufa. Habiba, jirani yangu wa ng'ambo ya ua, ndiye aliyenicheka. Alikuwa bi harusi wa majuzi, mrefu, mwenye macho ya mtu anayetaka kuuliza kitu, na kichwani shashi nyekundu, kitambaa wanachofunga wanawake walioolewa. Kiswahili chake alikipata sokoni.

"Dada Zena, wewe unaogoba ngamia?"

"Nawaogopa wasiolia."

"Iko nyasi ndani ya kengele. Nyasi na kitambaa. Tunaziba hivi." Akanionyesha kwa ngumi na kidole. "Njia ikiwa mbaya, tunaziba. Mama yangu alifanya, na mama yake. Kengele inaita rafiki, inaita na adui."

Akaenda zake akicheka. Mimi niliendelea kufunga dirisha kila ngamia walipopita.

Mume wa Habiba alikuwa Yusuf, mtoto wa mfanyabiashara wa mifugo, kijana aliyesoma Nairobi kidogo na kuvaa Nairobi nyingi. Alikuwa na gari la spoti. Naam, Garissa, kwenye mchanga ule! Alilinunua kwa mlowezi aliyekuwa akifungasha virago baada ya uhuru: jekundu, milango miwili, chini kiasi kwamba mbuzi akisimama kando humtazama dereva usoni. Mji mzima ulimcheka na mji mzima ulimpenda. Alikuwa akiwabeba wagonjwa, alikuwa akiwaletea wazee tumbaku, na hakupita pale gereji bila kuniletea limau kwa sababu niliwahi kulalamika kwamba Garissa hakuna limau. Siku moja alirejea na msafara, na kwenye kiti cha abiria amekalisha kitu kirefu kilichofungwa blanketi. Salim akaniita, "Njoo umwone bibi harusi." Akalifunua. Lilikuwa bomba la moshi, la kung'aa, la magari ya mashindano, na sailensa yake nene kama mtungi uliolala: tumbo pana, mdomo mwembamba. Salim alichungulia ndani kwa tochi, akacheka. "Hili halina cha kunyamazisha chochote. Tumbo tupu. Hili ni la kulia tu."

Kazi ilikuwa ya taabu kuliko walivyodhani. Bolti za bomba la zamani zilikuwa zimeshikwa na kutu, zikalowekwa mafuta ya taa, zikakataa, mwishowe Salim akashuka shimoni na msumeno wa chuma na nikaisikia ile sauti ya meno mchana wote, mpaka nikakosea chumvi ya mchuzi. Bomba kuukuu likaanguka na kutapika masizi. Jipya nalo lilikuwa la gari la namna nyingine: lilining'inia chini mno, kila tuta lingelikwangua. Salim alikata kipande cha springi ya lori, akakipinda, akatengeneza kishikio, akakichomelea kwa gesi. Mshono wake wa kuchomelea ungeutambua popote, umelala kama magamba ya samaki, na mwisho wake huweka nukta tatu za chuma. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hajui, mkono ndio unaotaka. Nilipeleka mahamri na chai pale ukingoni mwa shimo, nao wakala na mikono yao michafu, wakiongea habari za mpira, na kwa muda mfupi vita havikuwapo.

Halafu Yusuf akawasha. Sijui nieleze vipi. Ilianzia kifuani kabla ya masikio. Kuku waliruka ua, mazungumzo ya sokoni yakakatika, na kule kwenye kizuizi cha darajani askari wakasimama. Ilikuwa sauti nzuri, siwezi kusema uongo, nene, yenye mkwaruzo wa chini kama mtu anayetaka kucheka. Lakini katika mji ule ulioziba kila kitu, ilikuwa kama mtu ametaja jina lake gizani. Habiba alisimama kizingitini ameshika shashi yake kwa mikono miwili. Hakuziba masikio. Alikuwa akitazama upande wa pori.

Walipokuwa wakingoja chuma kipoe niliwasikia Yusuf na Habiba nyuma ya ua. Kisomali changu kilikuwa cha kununulia maziwa na cha kusikilizia ugomvi wa watu, basi, lakini kilitosha. Habiba alisema, "Baba yangu ameziba kengele zote, wewe unaongeza mlio." Yusuf akasema, "Anayekwenda kimya ndiye anayepigwa risasi. Askari wakilisikia watasema ni Yusuf. Walio porini nao watasema ni Yusuf, si lori la serikali. Mwizi ndiye anayenyata, Habiba." Habiba akauliza, "Na asiyekujua?" Nikamsikia Yusuf akigonga bati la gari kwa vidole. Kisha akasema atakwenda Nairobi na msafara unaofuata, kibali cha kuuza ng'ombe wa babake kimekwama, na akirudi atamletea kitambaa kingine. Akamtaka acheke. Sikumsikia akicheka. Nilisimama na sufuria mkononi nikawaza kwamba wote wawili wana haki, na lililonitisha ni hilo.

Jioni kabla ya msafara, kabla ya amri kutushukia, nilianua nguo. Nilimwona Habiba akipita nyuma ya ukuta na kijiti kirefu kwapani na nyasi kavu amezikumbatia. Nilimwambia, "Mbuzi wako wanakula vizuri kuliko mimi." Aliruka kama aliyemwagiwa maji, akatabasamu, akapita. Kesho yake nikaamshwa na jua. Nilishangaa. Gari lile, tangu lifungwe bomba, lilikuwa likinitoa kitandani hata likienda dukani tu. Nilimuuliza Salim kama msafara umeahirishwa. "Umeshaondoka," akasema. "Hata mimi sikumsikia Yusuf. Tumechoka sana, Zena." Ukawa ndio mwisho wa maneno.

Waliokuwa kwenye msafara walisema Yusuf alikuwa gari la mwisho kabla ya askari wa nyuma, kisha askari wakampita kwa sababu alikuwa akisuasua, akawapungia mkono waende, kwamba atawafikia. Vumbi likamfunika. Walipofika kizuizi kilichofuata hakuwapo. Walikwenda kutazama siku nyingine, wakarudi mikono mitupu. Mama yake Yusuf alisema mwanawe amevuka mpaka, atarudi mambo yakipoa. Kila magharibi aliweka sahani ya wali na kuifunika. Na Habiba akawa si mke wala si mjane. Mtu wa sheria alisema wazi: bila mashahidi wa kifo, mwanamke hakai eda, na asipokaa eda hayuko huru, angojee miaka. Alikuwa msichana bado. Nilimwona akikonda kila wiki, amevaa shashi nyeusi, amekaa kwenye ua ule kama kitu alichokisahau msafiri.

Ndipo sauti ilipoanza. Magharibi moja watu wamesimama kuswali, mimi nachuja nazi, nikalisikia gari la Yusuf. Ng'ambo ya daraja. Likapanda ule mlima mdogo, likabadili gia, ule mkwaruzo wa chini kabisa, ule ule. Niliacha nazi nikakimbilia dirishani. Lilikaribia, lilikaribia, halafu halikufika. Halikuzimika, halikufika tu. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu, na askari wa kizuizini amesimama katikati yake amegeuza kichwa, kwa hiyo nilijua si mimi peke yangu. Likarudi kesho yake, na siku nyingine baada ya hapo, wakati ule ule. Salim, ambaye hakuamini jini wala mganga, aliacha kuyazungumza magari wakati wa chakula cha jioni. Mama yake Yusuf alitoka nje na sahani mkononi. Nilikwenda kwa Habiba mbio, nikamkuta anafuma mkeka.

"Umelisikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia. Si yeye."

"Habiba, gari lile nalijua kama sauti ya mume wangu."

"Si yeye, abaayo," akasema, dada yangu, bila kuinua macho. "Yeye hakuondoka na sauti ile."

Nilidhani ni uchungu unaosema. Nilimshika bega nikarudi kwangu. Katika siku hizo hizo alikuwa akija kukaa nami gerejini mchana, ananywa chai kwenye benchi la mbao. Kuna dereva wa lori la ngozi alikuwa akimtania Salim kwamba lori lake halipandi tena mlima, na Salim akatoa kiota cha ndege kwenye bomba la moshi, akamwambia, "Gari ni kama mtu. Ukimziba pumzi kidogo atakwenda, atakwenda, akipata joto atakufa njiani." Dereva akacheka. Habiba akaweka kikombe chini akaondoka. Niliwaza labda tumbo linamsumbua.

Mvua zilipokaribia akaja mchungaji na ngamia mmoja, ametoka ng'ambo ya mto, amefunga kitu ubavuni mwa mnyama. Alitaka kukiuza kama chuma chakavu, na fundi alikuwa mmoja. Kilipogusa chini nilijua kabla Salim hajageuza: kile kipande cha springi, magamba ya samaki, nukta tatu. Salim aliketi chini kwenye mchanga.

"Umelitoa wapi?"

"Gari iko simama kwa miti," mchungaji akasema. "Nyekundu. Mlango mbili wazi. Mtu hakuna. Damu hakuna. Mimi na ndugu yangu tunafuata nyayo, mbali, mbali sana, tunabata yeye chini ya mti. Kijana. Maji hakuna. Tunazika, tunasoma." Akaonyesha kwa kiganja namna walivyomlaza. "Bole sana. Ni mtu yenu?"

Salim alimpa chai, akamwomba amlete na ndugu yake mbele ya kadhi. Alipoondoka, akaliinua lile bomba akalitikisa. Lilikuwa zito upande mmoja. Akachukua msumeno, akalikata tumbo. Ndani kulikuwa na nyasi, zimegeuka kama makaa, zimekazwa kwa kitambaa kilichoungua kingo zote, na katikati, pale moto haukufika, bado kilikuwa chekundu. Kilipitishwa mdomo mwembamba kwa kijiti, kikafunguka tumboni, kikakataa kutoka. Tuliangaliana. Nikakumbuka mbuzi wanaokula vizuri. Nikakumbuka alfajiri ile isiyo na mlio, na kwamba nilimwona kwa macho yangu msichana anayempenda mumewe akienda kumziba kengele, kama mama yake, na mama wa mama yake. Nililia sana. Salim akasema, "Washa jiko." Nikawasha. Tukaitia shashi motoni, naye akalichomelea tena lile tumbo, safari hii bila nukta.

Kwa kadhi chumba kilijaa. Habiba alikuwa nyuma ya pazia na wanawake, nami kando yake. Wachungaji wawili walishuhudia. Salim akaulizwa kama bomba ni la gari la Yusuf, akasema ndilo, mkono wake anaujua. Mama yake Yusuf akasimama, na sauti aliyoitoa siisahau: "Kwa hiyo ni kazi yako! Gari lilikuwa zima mpaka ulipolifunga chuma chako. Umelifunga vibaya, limemwacha mwanangu jangwani!" Kadhi akamgeukia Salim. Nilijua mume wangu ana neno moja tu la kujitoa, na neno lenyewe limekaa nami nyuma ya pazia, bega lake linagusa langu. Salim alisema, "Bomba nililifunga mimi. Kama lina kosa, kosa ni langu." Habiba hakutikisika. Alikuwa akitazama pazia kama mtu anayesoma.

Kifo kikathibitishwa. Habiba akakaa eda, ikaisha, akawa huru. Sauti ya magharibi haikusikika tena tangu siku ile, na mimi sina la kueleza. Lakini gereji nayo ilinyamaza. Nani ampelekee gari fundi aliyemuua Yusuf? Madereva walipita wakitazama mbele. Kabla ya mwaka kwisha tulifungasha, tukarudi Lamu, mji usio na magari, Salim akatengeneza mashine za boti mpaka alipofariki. Hakujitetea hata siku moja. Habiba aliolewa tena, akazaa, akaniletea salamu kila alipopata mtu, na nikafurahi kusikia ana mtoto anayeitwa Salim. Jina la kawaida, nikasema. Tulikuwa na hakika mimi na mume wangu kwamba ile siri tuliichoma ikaisha.

Sasa, pale msibani, Fatuma alinimiminia chai nyingine, akawa anacheka na kujifuta machozi. "Habaryar, hebu nikuulize, nyinyi mlikuwa majirani. Mama alikuwa na tabia moja, sisi tunachekwa mji mzima. Gari likisafiri, lolote, la watoto, la mgeni, hata basi, lazima aende nyuma, ainame, atie kidole kwenye bomba la moshi. Halafu liwashwe, aweke mkono. Mpaka asikie pumzi, hakuna mtu kuondoka. Mzee vile, magoti mbaya vile, bado anainama. Tukimuuliza, anasema, 'Nyinyi nendeni tu.' Alikuwa anatafuta nini?"

Nikakiona kile kikombe kwenye benchi la gereji, chai yake haijaisha. Alijua. Alijua kabla ya mchungaji, kabla ya kadhi. Alikaa nyuma ya pazia lile akamsikia mume wangu akibeba mzigo wake mbele ya watu, akajua ni wake. Nilitaka kumwambia Salim, na Salim yuko kaburini. Nilimwambia Fatuma, "Mama yako alikuwa anapenda watu warudi." Ni kweli, na iliyobaki haikuwa yangu kuigawa.

Asubuhi Athumani aliwasha gari. Nilikuwa nimeshakaa, nafunga mkanda nikigombana nao, nikaona kwenye kioo mtu mwenye buibui anazunguka nyuma. Fatuma aliinama, akatia kidole, akakunja uso, kisha akaweka kiganja chote kwenye moshi, akangoja, ametulia, kama anayempima mtoto homa.

"Iko na pumzi," akasema. "Nendeni na amani."

Alikuja dirishani kuniaga. Nilimshika ule mkono wenye masizi, nikaubusu.